Breki za Kobe Hazipatikani

"Usinishike mkono! Nijibu kwanza. Hii ni nini?"

"Iweke chini, Kiberiti."

"Nimekuuliza hii ni nini, Dada!"

"Unaiona mwenyewe. Iweke chini, utaiangusha."

"Niiangushe? Kitu ambacho hakipo duniani kinaangukaje?"

Naam, msomaji, hawajamaliza. Wiki nzima wewe umehangaika na yako, na hawa ndugu wawili wako palepale ndani ya stoo ya vipuri: Bi Nati chini, ameshika mguu wa ngazi, mdogo wake Kiberiti juu ya ngazi, na mkononi mwa Kiberiti lile boksi alilolikuta limesukumwa nyuma ya rejeta mbovu. Ndani ya boksi, kwenye karatasi yake ya mafuta, haijawahi kuguswa na spana, kuna masta silinda ya Kobe. Ile pampu inayosukuma mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu.

Kwa anayeingia leo: Kobe ni gari. Jina lililoandikwa na kiwanda hakuna analolitumia. Lina mgongo wa mviringo na mwendo wa kutafakari, basi likaitwa Kobe. Kiwanda kiliacha kulitengeneza Bi Nati akiwa bado anavaa sare za shule. Tangu hapo kipuri cha Kobe hakiagizwi, kinasubiriwa. Kobe moja likifa, mengine mawili yanapona. Na anayejua lipi limekufa wapi, nani ana mlango, nani ana taa ya nyuma, ni mtu mmoja tu mji mzima. Bi Nati akikwambia "ipo", unatoka dukani ukipiga mluzi. Akikwambia "haipatikani", unarudi nyumbani kuliaga gari lako.

Baba yake mzazi aliambiwa haipatikani.

"Ulimwambia umepiga simu nchi tatu," Kiberiti alisema, akishuka ngazi na boksi kifuani kama mtoto mchanga. "Mbele yangu! Mbele ya mke wangu! 'Ya mwisho iliuzwa mwaka juzi, Baba, pumzika tu.' Si maneno yako hayo?"

"Ni yangu."

"Na mzee akafanya nini? Akakushukuru! 'Ahsante mwanangu kwa kuhangaika.' Ahsante, Dada! Ulikuwa unaisikiliza kwa masikio gani?"

Hiyo ahsante ndiyo iliyokuwa inamnyima Bi Nati raha kuliko yote. Ilimjia akioga, ilimjia akipima boliti, ilimjia akiwa na kijiko mdomoni.

"Unamwekea nani? Yule bwana anayekusanya magari ya zamani ayapange uani kama vyungu vya maua?"

"Simwekei mtu."

"Basi Baba amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Sasa?"

"Haoni!"

Likatoka hilo. Bi Nati mwenyewe alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyelisema.

"Nani haoni?"

"Baba. Macho yake yamekwisha, Kiberiti."

Kiberiti alicheka. "Baba? Anayesoma gazeti kila asubuhi?"

"Analishika. Umewahi kumsikia akikusomea hata mstari mmoja?"

Kicheko kikakatika.

Bi Nati akamweleza, haraka haraka, kama mtu anayetoa mwiba. Siku moja alipopanda Kobe na Baba kutoka sokoni, mzee alipiga honi, akapunga mkono, akasema, "Za asubuhi, jirani!" Aliyesalimiwa lilikuwa pipa la maji, juu yake limeanikwa shati. Bi Nati alicheka hadi machozi. Akadhani ni utani.

Mbele kidogo mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliingia barabarani kuvuka. Baba hakupunguza mwendo. Hakupiga honi. Bi Nati aliivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, Kobe likasimama likitetemeka, na yule mwanamke akapita bila kujua kilichokuwa karibu kumpata.

"Baba akaniuliza, 'Mbona umeivuta hiyo?' Nikamwambia, 'Nilidhani tumefika.' Akaniambia, 'Hata mimi nilidhani tumefika.' Tukanyamaza wote wawili mpaka nyumbani."

"Na hukusema!"

"Sema wewe! Nenda kamwambie mtu aliyefundisha nusu ya mji huu kuendesha gari kwamba asiguse tena usukani. Wanamwita Mwalimu mpaka leo. Madereva wa malori wakimwona wanazima redio! Nimwambie nini? Breki zake zilipoanza kuvuja, nikaona njia imejileta. Sijamnyang'anya ufunguo, sijamvunjia heshima. Gari limekosa kipuri, basi. Kosa la kiwanda."

Alipolisema kwa sauti lilikuwa baya zaidi kuliko lilivyokuwa tumboni.

Kiberiti aliketi juu ya ringi ya gurudumu. Ubishi wote ulikuwa umemtoka. Alikuwa anakitazama kile kitu kwenye karatasi ya mafuta kama mtu anayetazama nyoka aliyekufa na hana hakika kama amekufa.

"Dada."

"Nini tena?"

"Kobe limepona."

"Limepona nini?"

"Breki. Nilimpeleka mimi. Ulivyosema haipatikani, mzee alinywea, hata kuongea akawa haongei. Nikaona nimfurahishe. Tukaenda kwa yule fundi wa kukereza vyuma. Akaikereza upya ile masta silinda ya zamani, akaitia raba mpya. Jana limetoka. Linashika, Dada, nimelijaribu mwenyewe, linashika kama jipya."

"Raba za nini?"

"Za breki, za nini tena?"

"Raba za breki za Kobe ninazo mimi peke yangu. Nimekuuliza raba za nini?"

Kiberiti hakujua. Bi Nati alikuwa tayari ameshapiga simu. Mashine ya kukerezea ilinguruma upande wa pili, kisha ikazimwa.

"Aaah, Bi Nati mwenyewe! Leo umenikumbuka. Umeisikia kazi yangu?"

"Nimeisikia, fundi. Zile raba ulizitoa wapi?"

"Zipi, za Mwalimu? Za jeki, mama. Jeki mpya kabisa, nimeifungua kwa ajili yake. Yule mzee ndiye aliyenifundisha gari, ningemwekea takataka?"

Bi Nati alikata simu bila kuaga.

Hapa nitasema kwa kifupi, maana hata asiye na gari anahitaji kulijua. Raba ya jeki imezoea mafuta ya jeki. Ukiiloweka kwenye mafuta ya breki, inavimba na kulainika kama mkate kwenye chai. Siku ya kwanza breki inashika mpaka unamsifu fundi. Siku ya pili unakanyaga, pedali inazama hadi chini, na gari halina habari na wewe.

Na leo ilikuwa siku ya pili.

"Baba yuko wapi?"

"Nyumbani. Atakuwa nyumbani," Kiberiti alisema, lakini alikuwa ameshasimama.

Simu ya Baba iliita, ikaita. Ikapokelewa na mke wa Kiberiti.

"Wifi! Simu ameiacha mezani. Wametoka na mwanangu Binti, hata chai hawakumaliza."

"Wifi, anaendesha nani?"

"Binti. Kwani hukuambiwa?"

"Sikuambiwa nini?"

Wifi alisita. "Haya, yeye mwenyewe alitaka akwambie. Baba ameacha kuendesha, wifi. Aliniita mimi na Binti tu, hata mume wangu hajaambiwa, akasema macho yamechoka. Ni tangu siku ile uliyomvutia breki ya mkono. Alisema amekuonea aibu, akaapa hashiki usukani tena. Alichotaka ni gari lipone tu, amfundishe mjukuu wake, halafu amkabidhi. Anasema ndiye mwanafunzi wake wa mwisho. Mbona umenyamaza? Wifi?"

Bi Nati alikuwa ameegemea rafu.

Baba alikuwa ameshaacha. Kabla ya ule uongo, kabla ya nchi tatu, kabla ya pumzika tu Baba. Mzee alikuwa ameutua usukani mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, na yeye akamfichia breki mtu ambaye haendeshi. Aliyeketi sasa nyuma ya breki zile za jeki hakuwa hata huyo aliyekuwa anamhofia. Alikuwa Binti, mtoto wa Kiberiti, anayeogopa hata kuwasha jiko la gesi.

"Wameelekea wapi, wifi?"

"Kule anakowapeleka wote. Mlima wa tangi la maji."

Walimu wengine wa udereva huanzia uwanja wa mpira. Mwalimu alianzia mlimani. Mwanafunzi wake alipanda hadi kwenye tangi, akageuza, kisha akashuka polepole, mguu kwenye breki, huku mzee kando yake akisema, "Taratibu, barabara haitakuacha." Bi Nati alijifunzia mteremko huohuo. Kiberiti naye. Chini yake kabisa kuna njia panda ya malori ya mchanga.

Mlango wa duka ulifungwa kwa kishindo, pikapu ikawaka.

"Ni mimi," Kiberiti alisema kabla hawajafika kona ya kwanza. "Ndimi niliyempeleka kwa fundi. Likitokea lolote ni mimi."

"Nyamaza."

"Mwanangu yumo ndani, Dada."

"Najua aliyemo. Nyamaza, naendesha."

Alipita lori kwa upande usiotakiwa, akatukanwa, akastahili. Kiberiti alikuwa amelishikilia boksi magotini. Akalipangusa kwa kiganja, akakitazama kiganja.

"Sikiliza," alisema, sauti ya chini. "Tukiwakuta salama, tuseme imefika leo asubuhi. Tuseme imepatikana ghafla. Boksi lina vumbi, lakini Baba..."

Hakumaliza. Wote wawili walikuwa wameshaisikia sehemu iliyobaki. Baba vumbi halioni.

Bi Nati aliutazama mlima unavyokuja. Angeweza kumfokea. Badala yake moyo wake ulilegea, ukashukuru, kama mgonjwa aliyeambiwa sindano haipo tena.

"Sawa," alisema. "Imefika leo."

"Imefika leo."

"Kwa basi la asubuhi."

"Kwa basi la asubuhi," Kiberiti aliitikia, na kila mmoja akatazama upande wake wa dirisha.

Barabara ya mlimani ni nyembamba. Upande mmoja maseremala wamepanga vitanda na makabati hadi kwenye lami. Upande mwingine ni mfereji wa kina kirefu. Pikapu ilikuwa nusu ya mlima Kiberiti aliponyoosha kidole.

"Lile pale! Lile pale!"

Kobe lilikuwa limeshageuza kwenye tangi. Lilikuwa linashuka.

Mwanzo lilishuka kwa adabu. Kisha likapata mwendo kidogo. Kisha zaidi kidogo, kama mtu aliyeanza kutembea haraka na sasa hawezi kuacha.

"Linapunguza," Kiberiti alisema. "Si linapunguza? Dada, si linapunguza?"

Halikupunguza.

Kulikuwa na uwazi mmoja kati ya kabati na kitanda. Bi Nati aliingiza pua ya pikapu humo, akarudi nyuma, akaigeuza, seremala wa kitanda akiruka na brashi ya vanishi mkononi. Sasa pikapu ilitazama chini, na Kobe lilikuwa nyuma yao.

"Unafanya nini?"

"Geuka nyuma. Niambie liko wapi."

"Dada, litatugonga!"

"Ndiyo nataka litugonge. Niambie liko wapi!"

Kiberiti akapiga magoti kwenye kiti, uso kwenye kioo cha nyuma. "Linakuja! Linakuja katikati! Nenda! Ongeza! Baba anavuta breki ya mkono, linapiga kelele tu, ongeza Dada! Kulia kidogo! Hapohapo! Sasa!"

Bi Nati aliacha mguu utulie. Pikapu ikapungua mwendo kwa upole wote aliokuwa nao, na Kobe likaja likabusu bampa la nyuma kwa mlio wa bati. Ukaja mlio wa pili, mzito zaidi. Kisha akausikia uzito wote ukimwegemea mgongoni, baba na mtoto na chuma, unamsukuma kuelekea chini.

Akakanyaga. Si kwa ghafla. Kama alivyofundishwa kwenye mteremko huuhuu, na mtu aliyekuwa nyuma yake sasa.

Matairi yalilia. Harufu ya raba ikajaa ndani. Kitanda kimoja kilipoteza mguu. Lori la mchanga lilipita njia panda, halafu jingine, na la tatu lilipopita, pikapu na Kobe vilikuwa vimesimama, vimeshikana kama ng'ombe na ndama.

Kisha mlango wa Kobe ukafunguka na Binti akaanguka nje kwa magoti.

"Ni mimi!" alilia. "Babu aliniambia niachie klachi, nikaing'ang'ania! Nimekanyaga pedali isiyo yenyewe! Nimekukosea, Babu! Baba, nimekosea! Sigusi gari tena maisha yangu!"

Maseremala walikuwa wameshafika, na kila mmoja alikuwa na hukumu yake.

"Nani kampa gari huyu?"

"Mzee mzima unapandisha mtoto mlimani!"

"Na kitanda changu?"

Baba alishuka upande wake. Alitembea ameweka mkono juu ya mgongo wa Kobe, akiufuata kwa vidole mpaka mbele, mpaka kwenye kichwa cha mjukuu wake.

"Hukukosea," alisema. "Kosa ni langu. Mtu haoni, halafu anataka kufundisha. Nilisikia pedali imebadilika kule juu, nikadhani ni mguu wako. Mwalimu gani mimi? Inuka, mama. Ni langu hili."

"Si lako, Babu! Ni mimi!"

Bi Nati alisimama kando ya pikapu na kuwasikiliza wakinyang'anyana kosa lake.

Kiberiti alimtazama. Aliinua nyusi kidogo, akatikisa kichwa: tulia. Kisha akasogea mbele na boksi, akaliweka tabasamu usoni kama anayevaa shati la kuazima.

"Baba, ajali haina mwenyewe. La muhimu mmepona. Na sikiliza, Baba, hutaamini. Ile masta silinda imefika le—"

"Haikufika leo," Bi Nati alisema.

Kiberiti akageuka. "Dada."

"Haikufika, Baba. Ilikuwepo. Ilikuwa stoo siku ile niliyokwambia haipatikani. Sikupiga simu nchi tatu, sikupiga hata moja. Nilijua macho yako yamechoka, nikaogopa kukwambia, nikakuficha breki." Akapiga magoti kwenye lami, mbele ya maseremala na vitanda vyao, akamshika Binti mabega. "Na wewe nitazame. Hukukanyaga vibaya. Pedali ilikuwa tupu. Aliyeiacha tupu ni mimi shangazi yako. Si mguu wako, si Babu, si fundi. Mimi. Usije ukasema tena ni wewe."

Binti aliacha kulia. Mwenye kitanda akasahau kitanda.

Baba aliugeuza uso kuelekea sauti. Hakuupata uso wa mwanawe. Macho yake yalitua begani, yakabaki hapo.

"Na mimi nikakwambia ahsante," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Kumbe."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa nafuu. Alisimama, mkono wake mmoja bado uko kichwani mwa Binti. Kisha akauliza swali ambalo Bi Nati hakulitegemea, na ambalo Kiberiti hakulielewa.

"Mwanangu. Wangapi wengine umewaambia haipatikani, na ipo?"

Bi Nati alifungua mdomo aseme hakuna.

Akamwona mkunga, aliyerudi na kurudi kuulizia gia boksi iliyokuwapo stoo, mkoba wake wa kazi begani, mpaka akachoka na kumwachia Kobe lake lote. Bi Nati alilikata vipande siku ileile, na vipande vyake vimelisha duka mpaka leo. Akamwona mjane wa fundi cherehani. Akamwona kijana muuza maziwa. Nyuso zilikuja zikisukumana mlangoni, na hakuna hata moja iliyokuwa ya mtu asiyeona.

Mdomo ukajifunga wenyewe.

"Nimesikia," Baba alisema, kana kwamba amejibiwa. Akanyoosha mkono, kiganja juu, pembeni kidogo ya mahali alipokuwa Bi Nati. "Ufunguo wa stoo."

"Dada, usimpe," Kiberiti alinong'ona. "Duka lile ndilo linalotulisha sote. Fikiri kwanza."

Bi Nati aliingiza mkono kwenye ukosi wa gauni, akauvuta uzi uliokuwa shingoni, akaupitisha juu ya kichwa. Akakifuata kiganja cha baba yake, akauweka ufunguo ndani, akamfunga vidole kimoja baada ya kingine.

Baba aliupima uzito wake. Kisha akampa Binti.

"Shika, mwanafunzi wangu. Twende kwa miguu," alisema. "Utanisomea kilichoandikwa kwenye kila boksi."